Mahali Panapoitwa Kisu

Jumatatu, 3 Februari

Mara ya kumi na moja leo kumteremsha Fisi, mashine yangu ya kuchota sakafu ya mto. Taya zake za chuma zimeshika kutu upande mmoja, hazifungi sawasawa, na nusu ya tope inarudi mtoni kabla haijafika kwenye mashua. Nimetukana. Mwenye mashua amejifanya hakusikia.

Kazi ni ile ile. Teremsha. Subiri kamba ilegee. Vuta, Fisi aume sakafu ya mto. Pandisha, mwaga kwenye chekeche, osha, hesabu chenye uhai. Andika. Sogea kidogo juu ya mkondo, anza tena. Jua la Februari halina adabu. Shingo imechubuka kwa hili jaketi la kuelea lakini sivui ng'o. Nimekulia Nakuru, maji yangu yalikuwa ya bomba, kuogelea sijui. Mtaalamu wa sakafu ya mto ambaye hajawahi kuikanyaga. Wavuna mchanga wanalijua hilo na wanalifurahia sana.

Leo nimefunga alama. Jerikeni kumi na mbili za njano, kila moja na kamba yake na jiwe lake, kila moja juu ya mahali Fisi alipouma. Zimejipanga vizuri kutoka kwenye pampu hadi mawe ya Hajarat. Tarehe 14 mwezi ujao kikao kinaamua kama kampuni ya pampu ipewe kibali cha kufyonza mchanga wa Hajarat pia. Upande wa chini wameshafyonza msimu mzima. Wanasema sakafuni kuna mchanga tu. Mimi nasema Hajarat kuna kome, na penye kome kuna samaki. Nikishindwa kuonyesha hivyo, Hajarat imekwenda, na hapatabaki mahali pengine pazima upande huu wa mji.

Nimerudi Munuki, mtaa wetu hapa Juba, nanuka samaki na sijashika samaki.

Jumanne, 4 Februari

Jerikeni hakuna. Hata moja.

Jumanne, jioni

Hasira imepungua, aibu imebaki. Nimeweka jerikeni kumi na mbili safi, zenye vifuniko, zinaelea bila mwenyewe, katika mji ambao kila asubuhi watu wanapanga foleni na jerikeni. Halafu nashangaa. Na nina digrii.

Njia ya kwetu nimepishana na mwanamke kabeba yangu kichwani. Namba saba, kwa wino wangu mwenyewe. Nilitaka kumsimamisha nimdai. Kisha nikaona mtoto mgongoni. Nikamsalimu, akaitikia, kila mtu akashika njia yake.

Bila alama, namba zangu zote za wiki iliyopita ni hadithi. Nimeng'ata wapi? Mto umeshanisukuma. Simu inaonyesha nilikuwa ng'ambo, kwenye shamba la mtu. Kile kifaa cha setilaiti mshauri wetu aliondoka nacho Desemba na hajajibu ujumbe hata mmoja. Naanza upya.

Alhamisi, 6 Februari

Thongpiny, kwenye kontena tunaloliita ofisi. Mkuu wangu ameuliza alama ziko wapi. Nimesema zimechukuliwa. Ameuliza na nani. Nimesema na Juba. Hakucheka. Anataka ramani mezani tarehe 10 Machi.

Mama ameuliza tena naandika nini kila jioni. Nimemwambia ni kazi. Kiswahili hakisomi, ndiyo maana naandika Kiswahili. Alikuwa anakwangua ukoko wa asida, ugali wa hapa, kwa ganda lake la kome, lile la mama yake, limeshalika upande mmoja hadi limekuwa kama mwezi mchanga. Amesema kwa vile nashinda mtoni, nimletee jipya. Zamani yalizagaa ukingoni, watoto wakiyachezea. Nimeahidi. Sikumwambia kwamba wiki mbili hizi nimeyaona maganda tu, mengi yamevunjika, na yote upande wa pampu.

Jumatatu, 10 Februari

Jada amenicheka siku nne mfululizo na leo amechoka kucheka. Ndiye mkubwa wa wavuna mchanga wa mkono, wale wanaozama na beseni na kupandisha mchanga kwenye mitumbwi yao. Mtu wa mabega, domo kubwa, hana siri. Aliishi kambini Uganda miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko.

Kaniambia, "Ustaza, wewe iko naona na mashini. Sisi naona na mguu."

Nilidhani ni utani. Si utani. Hawa watu kabla ya kuzama hushusha mguu kwanza, wanapapasa, ndipo wanaamua. Kila sehemu ina jina ililopewa na mguu. Uji ni tope laini. Simsim ni mchanga wa punje nene, ule wanaoutaka wajenzi. Sabuni ni udongo wa mfinyanzi, unateleza. Na Kisu ni pale kwenye mawe ya Hajarat, ambapo kome wamesimama wima mchangani, midomo juu, ukikanyaga unakatika. Wote wana kovu. Jada amenionyesha lake na anajivunia kama nishani.

Tena wanajua mahali bila alama yoyote. Mlingoti wa simu ukilingana na tangi la maji, geuka, ukiona lile paa jekundu limejificha nyuma ya mwembe, hapo ni mwanzo wa Kisu. Hawakosei. Wamezijua njia hizo tangu wakiwa vijana. Mimi nahangaika na kifaa cha mshauri, kumbe ramani imevaa ndara na inanicheka kila asubuhi.

Watanisaidia. Jada anataka kitu kimoja tu: niandike kwamba wavuna wa mkono si waharibifu. Nimesema ndiyo. Nimeisema haraka kuliko nilivyopaswa.

Jumatano, 12 Februari

Alama mpya. Ndara mbovu. Zilizokatika kamba, zisizo na pea, zilizotobolewa na misumari. Zinaelea, na hakuna binadamu wa kuiba ndara mbovu ya kushoto. Nimezunguka Munuki yote na gunia. Vijana wa steji ya boda wameuliza kama nimepata kanisa jipya. Hassan wa duka la jumla, Mkenya mwenzangu wa kukulia, yeye wa Garissa, amenipa kamba na kuniombea Mungu anirudishie akili.

Jioni nimezitunga hamsini na kitu. Mama amesaidia kutoboa kwa msumari wa moto. Hakuuliza za nini. Ameuliza tu kama nimepata ganda.

Ijumaa, 14 Februari

Ndara zote zipo. Zimelala mtoni usiku mzima, hakuna aliyezigusa. Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu mzima.

Jumatatu, 17 Februari

Siku nzuri kuliko zote tangu nianze kazi hii.

Jada majini, ameshika ubavu wa mashua, anapapasa kwa mguu na kutaja jina. Mimi juu, namteremsha Fisi pale pale. Amesema Uji, Fisi kaleta tope. Amesema Simsim, Fisi kaleta simsim. Mara ishirini na nne, hakukosea hata moja. Tulipofika Hajarat akakunja uso, akasema polepole, "Kisu." Fisi kapanda na kome saba hai, weusi, wamefunga midomo kama mashahidi wasiotaka kesi. Na mabuu ya wadudu, na konokono, na kisamaki cha urefu wa kidole kilichokuwa kimejificha mchangani. Mwenye mashua, ambaye hajawahi kusema neno, amesema, "Kumbe."

Nimewarudisha wote majini kwa mkono. Jada ameniita nishuke nikanyage, maji ni ya kiuno tu. Nimekataa. Amesema mtu hawezi kuijua nyumba kwa kuchungulia dirishani. Nimemwambia madirisha ndiyo nimesomea.

Alhamisi, 20 Februari

Upande wa pampu. Sitaki kuukumbuka lakini naandika.

Jada alishusha mguu pale palipokuwa Simsim mwaka juzi. Mguu haukupata kitu. Pampu imechimba shimo na haikuacha hata ukingo. Alikwenda chini mzima, akapotea, mkono mmoja ukabaki kwenye kamba ya Fisi. Nilivuta hadi viganja vikatoka damu. Alipotokea alikuwa hana utani. Alikohoa, akakaa, akasema mahali hapo papewe jina jipya. Kaburi. Wenzake wameitikia, na tangu leo ndilo jina lake.

Fisi aliuma mara tisa upande ule. Mchanga mtupu, tope la kijivu, mfuko wa nailoni. Hakuna kilichojongea kwenye chekeche. Maji yenyewe yamevurugika hadi chini zaidi, na tope linaloshuka linafunika hata pale ambapo pampu haijafika. Si shimo peke yake linaloua. Vumbi la shimo pia.

Mwendesha pampu amekuja kuangalia kelele. Okello, wa Gulu, mpole, overoli imemzidi kimo. Nimemuuliza chujio la pampu linaziba na nini. Akatazama nyuma yake kwanza. "Madam, mimi iko kazini tu. Lakini macho iko." Amesema mwanzoni walikuwa wakikung'uta kome kila saa. Siku hizi chujio halizibi tena. Bosi anafurahi kwamba mashine inafanya kazi vizuri.

Jumanne, 25 Februari

Ramani. Nimetandaza karatasi sakafuni, nimepaka rangi. Kijani penye uhai, nyekundu pasipo. Kaburi nyekundu, nilijua. Kisu kijani, nilijua.

Lakini kuna mstari mwingine mwekundu ambao sikuutarajia. Ukingoni, kwenye maji mafupi, kando kabisa ya Kisu. Pampu haijawahi kufika pale. Nimehesabu upya mara tatu nikitumaini nimekosea.

Sikukosea. Ni pale wavuna wa mkono wanapochota kila kiangazi, maji yakipungua. Ndipo palipo rahisi. Na ndipo watoto wa kome wanapotua. Kome akizaa, vitoto vinapanda kwenye mashavu ya samaki, vinabebwa wiki kadhaa, kisha vinadondoka kwenye mchanga wa maji mafupi na kuanza maisha. Beseni la Jada linawakuta wakiwa wadogo kuliko punje ya mtama. Hawawaoni. Mguu hauwezi kuwahisi. Kwa hiyo Kisu ni mahali pa wazee tu. Hao kome saba ni wakubwa wote. Pampu isije kabisa, Kisu bado kitakufa, taratibu, kwa mkono.

Na mimi nimeahidi.

Jumatano, 26 Februari

Nimeamka na hasira na Jada, kama vile yeye ndiye aliyenilazimisha kufungua mdomo.

Ijumaa, 28 Februari

Ukweli huu: nikiuacha ule mstari mwekundu, hakuna atakayejua. Kikao kinahusu pampu. Wavuna wa mkono wana familia, kazi yao ni ngumu, wamenisaidia bure, na mmoja karibu afe kwenye kamba yangu. Kalamu ya kijani ninayo. Dakika moja ingetosha.

Nimeikunja ramani nikaiweka juu ya kabati. Nimekwangua sufuria badala ya Mama. Lile ganda ni jepesi sana sasa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwambia. Nimeenda mwenyewe ukingoni, nimetandaza ramani kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nimeeleza kila kitu, vitoto na mashavu ya samaki na beseni. Nimesema mstari huu unabaki. Nimesema ahadi yangu ilikuwa ya kijinga na naomba radhi.

Jada ameyasikiliza yote. Ameinuka. Amesema, "Malesh, ustaza," lile neno la hapa la kumfariji mtu aliyepotelewa na kitu, lakini macho hayakuwa yakinifariji. Aliyepotelewa ni mimi. Wote wameondoka pamoja naye.

Nimelia kwenye boda. Dereva aliongeza mwendo, nadhani kwa huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Hawanisalimu. Mwenye mashua ana homa, amesema, huku anakula muwa. Ndara bado zipo mtoni. Sikujua kama nifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka ramani. Mkuu ameiangalia muda mrefu. Akauliza kama ule mstari wa ukingoni ni wa lazima, maana utawapa kampuni maneno. Nimesema ni wa lazima. Akauliza kama nina uhakika kwamba naelewa ninachofanya. Nimesema ninachokielewa ni kwamba mto hausomi ripoti, unaona tu nani kauchimba. Sijui niliitoa wapi hiyo. Amepiga muhuri.

Jumatano, 12 Machi

Joto limepita kiasi. Nimefanya mazoezi ya kuongea mbele ya Mama. Amesikiliza kwa heshima yote, ingawa lugha hiyo haijui vizuri, kisha akasema nisishike nywele ninapoongea.

Alhamisi, 13 Machi

Naogopa. Nikishindwa kesho, Jumatatu pampu inapanda Hajarat, na nitakuwa nimewapoteza wavuna bure.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeshinda. Naandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Hema la ofisi ya payam, yaani tarafa, viti vya plastiki, joto la kuchemsha chai. Mama mwenyekiti wa kikao ni mtu mzito, mchovu, anajipepea na jalada la faili. Mtu wa kampuni amesimama na suti na picha kubwa za rangi. Amesema vizuri, sina budi kukiri. Sakafu ya mto ni mchanga. Mvua ikinyesha milimani, mto unaleta mchanga mwingine. Mji unahitaji nyumba. Watu wameitikia kwa vichwa. Hata mimi karibu niitikie.

Kisha mimi. Nimeonyesha Kaburi. Nimeonyesha Kisu. Nimeonyesha mstari wa ukingoni na kusema huu si wa pampu, huu ni wa mabeseni ya mkono. Nilishika nywele, nadhani. Benchi la wavuna lilikuwa tupu.

Mtu wa kampuni akanirukia hapo hapo. Kama hata mkono unaharibu, kwa nini pampu ionewe? Na hao wadudu wenyewe wako wapi, mbona tunaona rangi za karatasi tu? Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kuikanyaga hiyo sakafu ninayoisemea. Nikasema hapana. Hema zima likacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mwenyekiti alikuwa ameshafungua kalamu.

Ndipo Jada akaingia.

Amelowa hadi kichwani, anachuruzika maji kwenye zulia la serikali. Nyuma yake wenzake sita, wawili wawili, kila wawili wamebeba beseni. Askari wa mlangoni alisema kitu, hakuna aliyemsikiliza. Wameyaweka mabeseni matatu juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya karatasi zote, picha za kampuni zikiwemo. Jada amegusa moja moja.

"Hii ni ya pampu. Hii ni ya sisi. Hii ni ya Mungu."

Basi.

Beseni la kwanza, mchanga wa kijivu na kipande cha nailoni. La pili, mchanga msafi, kama uwanja uliofagiliwa, na hakuna kitu. La tatu lilikuwa na maji ya tope, halionyeshi chochote. Mtu wa kampuni akatabasamu. Jada akainua mkono, tungoje. Tukangoja. Hema zima, mawakili na machifu na wachuuzi wa maji, wote wakitazama beseni. Tope likatulia pole pole.

Kisha kome mmoja akafungua. Akatoa mguu. Kome ana mguu mmoja tu, mweupe, laini, nami nimesoma habari zake miaka minne na leo ndiyo mara ya kwanza kuuona ukifanya kazi. Akausukuma mchangani akaanza kujizika, taratibu, akiinuka na kuzama. Akafuata wa pili. Konokono wakaanza kupanda ukuta wa beseni. Kile kisamaki cha mchangani kikachomoza kichwa, kikatazama serikali, kikarudi ndani. Watu wa nyuma walikuwa wamesimama juu ya viti. Mama mwenyekiti ameacha kujipepea. Ameshusha kidole chake, akamgusa kome, kome akafunga. Mama yule akacheka, kicheko cha msichana. Amesema hajaona hao tangu akiwa mdogo, na kwamba nyanya yake alikwangulia sufuria kwa maganda yao.

Uamuzi umetolewa kabla ya chakula cha mchana. Pampu haiingii Hajarat. Kisu na maji mafupi ya kando yake yanapumzishwa kabisa, pampu na beseni, bila kubagua. Wavuna wa mkono wanapewa sehemu mbili nyingine za kupokezana, moja ikichotwa nyingine inapumua. Mpaka ni kamba yangu ya ndara, imeandikwa hivyo kwenye waraka wa serikali, ndara. Na kila kiangazi, kabla ya kuamua lolote, Fisi na miguu ya wavuna vinashuka pamoja kupima. Mwenyekiti amemuuliza Jada kama watu wake watakubali. Jada amesema wao walijua siku nyingi kwamba kome wanapungua pale na walinyamaza kwa sababu ya tumbo. Watakubali, na atakayevuka ndara atakutana naye yeye kwanza.

Wanawake wa samaki walipiga vigelegele hadi nje. Mimi nililia mbele ya watu, na sijali.

Jumamosi, 15 Machi

Sauti imekauka kwa kuimba. Jana jioni wavuna walipika sangara wa kutoka juu ya mto, ngoma ikapigwa, mwenye mashua amepona homa na kucheza kuliko wote. Mama alikuja. Amecheza na Jada. Sikujua Mama anacheza hivyo.

Nimemuuliza Jada kwa nini alirudi. "Mimi nakasirika siku kumi. Siku ya kumi na moja mguu yangu nakwenda tafuta kome moja tu, pale kwetu. Kome hapana." Alichimba tangu alfajiri kwa dole gumba la mguu. Alipomkosa hata mmoja, akaenda kuita wenzake na mabeseni. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba tena. Amenipa kichwa cha samaki.

Jumatano, 26 Machi

Okello amepiga simu kutoka Nesitu, nje ya mji. Pampu iko juu ya lori, gurudumu limepasuka, wanangoja. Wanaipeleka kwenye bonde kavu mbali na mto. Amesema hana kinyongo, kazi ni kazi, na anauliza kama kome wanaliwa. Nimesema wanaliwa, lakini asithubutu. Amecheka sana.

Bonde kavu nalo lina sakafu yake. Lazima niende kupaangalia. Leo hapana. Leo nimefurahi tu na nataka kubaki hivyo.

Jumapili, 8 Februari

Karibu mwaka. Mto umepungua tena. Baada ya kanisa nimekwenda na Jada kubadilisha ndara zilizooza. Hakuna iliyokatwa, zimechakaa tu. Kesho Fisi anashuka rasmi, lakini leo ilikuwa sisi wawili, jua la asubuhi, na maji mafupi ya kando ya Kisu ambayo hakuna beseni lililoyagusa tangu Machi.

Nimevua viatu. Jaketi sikuvua. Jada alishika kiwiko changu.

Maji ya kifundo. Ya goti. Nilishusha mguu nikapapasa kama wanavyofanya. Simsim. Hatua nyingine, Simsim. Hatua nyingine, na hapo kitu kidogo kikanigusa kidole, chembamba, kimesimama wima. Kikanikata, kidogo sana. Nilisimama pale pale. Nikapapasa pembeni yake, taratibu. Kulikuwa na mwingine. Na mwingine.

Jada ameniuliza mguu unasema nini. Nimemwambia. Ameangalia mlingoti, ameangalia tangi, amepaweka mahali hapo kichwani.

Nyumbani Mama ameuliza tena habari za ganda lake. Nimemwambia nimeyapata, ila bado yana wenyewe. Amenitazama mguu, akaniletea maji ya chumvi, kisha akarudi kukwangua sufuria kwa lile la zamani.